Tusiwafundishe Vijana Wetu Kuuchukia Mwili

(Nasaha iliyotolewa kwa vijana na wazazi wa Migori na Homa Bay)



 

Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu mliotoka Migori mjini, Awendo, Kendu Bay na Homa Bay, leo sizungumzi juu ya yanayobatilisha saumu. Nataka kuzungumza juu ya neno moja nililolitamka mimi mwenyewe mbele ya sinia la futari.

Ramadhani iliyopita binti wa dada yangu, mwenye miaka 14, alinyoosha mkono kuchukua kaimati. Nikamwambia kwa mzaha, "Mama, waachie wengine, gauni la Idi litapasuka!" Watu wakacheka. Na yeye akacheka.

Tangu usiku ule akaacha kula daku. Darasani akawa anasinzia. Usiku watu wakilala, anaingia jikoni gizani kula mahamri yaliyobaki, huku analia. Mamake alipomkuta, alisema: "Mimi ni mlafi tu. Hata saumu yangu haina maana."

Jamani, hayo maneno nani alimwambia? Hakuna. Alijiambia mwenyewe, lakini mbegu niliipanda mimi. Na mtoto huyu alikuwa ameshaanza kwenda kliniki, amepunguza soda, anatembea kila jioni na mamake. Alikuwa akiendelea vizuri! Mzaha wangu ulivunja kazi ya miezi miwili.

Sisi watu wa pande hizi neno unyanyapaa tunalijua, tulifundishwa na UKIMWI. Mgonjwa husemwa mpaka naye akaamini kwamba hafai, akaacha kufuata dawa. Huko ndiko kujinyanyapaa, na kwenye uzito mambo ni yale yale.

Tena huku kwetu kijana hana pa kutokea. Akinenepa anapewa majina. Akikonda watu wananong'ona. Katika miaka ya 1980 majirani zetu wa Uganda waliuita UKIMWI "slim", na hapa wengi walisema ni chira. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta watu wazima karibu 20 katika kila 100 wa Homa Bay wana virusi, na Migori 13. Basi binti aliyeshauriwa apunguze uzito anaogopa kunenepa, na anaogopa kukonda vilevile. Aende wapi?

Sisemi uzito si kitu. Sukari na presha tunaziona majumbani mwetu. Utafiti wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake 33 katika kila 100 nchini Kenya walikuwa wamezidi uzito. Lakini aibu si dawa. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitahadharisha kwamba kumuaibisha mtoto humfanya ale kwa pupa, akimbie mazoezi na kumkwepa daktari, na mwishowe uzito huzidi.

Dini yetu ilitangulia kutuonya. Surat Al-Hujurat, aya ya 11, inatukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Na mnakijua kisa cha Abdullah bin Mas'ud (R.A.). Masahaba walipoicheka miguu yake myembamba, Mtume (S.A.W.) aliwajulisha kwamba katika mizani miguu hiyo ni mizito kuliko mlima Uhud. Walitazama nyama, yeye akatazama mtu.

Sasa tufanye nini?

1. Majina yakome, hata ya mzaha. Mtoto anayecheka pamoja nanyi huenda anaumia.

2. Nyumba nzima ibadilike. Usimpikie mmoja chakula cha adhabu huku wengine wanakula sambusa. Wote tule omena, samaki wa mchuzi, sukuma na maharagwe, na vya kukaangwa viwe kidogo kwa wote.

3. Daku isiachwe. Saumu ni ibada, si fimbo ya kuupiga mwili.

4. Usimlinganishe na mtu mzima. Mwili wa kijana bado unakua, na wahudumu wa afya hutazama umri, jinsia na urefu wake. Kwa baadhi yao lengo si kushusha kilo, bali uzito usimame wakati kimo kinapanda. Na asipimwe mbele za watu.

5. Ukiona anaficha chakula, anajitapisha, anazimia, au binti hedhi yake imekatika, usimgombeze. Mpeleke hospitali. Wala msinunue chai na vidonge vya kukondesha.

Nanyi vijana, ile sauti ya ndani ikikwambia hufai, jiulize: maneno haya ningemwambia rafiki yangu? Kama usingemwambia, usijiambie. Ukila zaidi siku moja hujaharibikiwa. Kesho tembea tena, kula daku yako, endelea. Tafuta mtu mmoja unayemwamini umweleze.

Mimi nilikwenda kumwomba msamaha mpwa wangu mbele ya wale wale waliocheka. Alinyamaza, halafu akasema, "Mjomba, nimekusamehe, lakini usinihesabie tena." Alhamdulillah, amerudi kliniki, na daku anakula nasi.

Basi leo magharibi, kabla hujasema neno juu ya sahani ya mwenzako, lipime kwanza.