Dawa za Kihindi na Mpasuko wa Njia ya Haja Kubwa

(Mazungumzo na wanachama wa jumuiya ndogo ndogo)

Akina mama na wazee wetu, leo naongea juu ya ugonjwa ambao watu huunong'ona tu. Naona wengine mmeanza kucheka. Lakini anayelia chooni kila asubuhi hacheki.

Choo kigumu hupasua ngozi laini ya njia ya haja kubwa. Panauma kama pamekatwa na wembe, na damu nyekundu kidogo huonekana. Kwa uchungu msuli wa hapo unakaza, damu haifiki vizuri kwenye kidonda, basi hakiponi. Mgonjwa naye anaogopa kwenda choo, anajizuia, na choo kinazidi kuwa kigumu. Akina mama wengi waliojifungua wanaijua shida hii.

Mmeniuliza juu ya dawa za Ayurveda, zile za maduka ya Wahindi Nairobi na Mombasa. Tiba hii ni ya zamani sana huko India, na ugonjwa huu huitwa parikartika, yaani kukatwa pande zote. Jina hilo walilipatia kabisa!

Dawa zake nyingine ni nzuri. Isabgol ni maganda ya mbegu. Huvuta maji na kulainisha choo, na hata madaktari wa hospitali huiandikia wagonjwa. Tia kijiko 1 cha chai katika glasi nzima ya maji, unywe mara moja kabla haijavimba, halafu uongeze maji. Usiile kavu, itakukaba koo. Kuketi katika beseni la maji vuguvugu dakika 10 hadi 15 baada ya haja hulegeza ule msuli. Maji matupu, jamani, bila dawa ya kuua viini, hiyo inachoma. Na ukikosa pesa za isabgol, papai, sukuma wiki na maharagwe vipo shambani kwako.

Ninachoogopa ni poda na vidonge visivyo na maelezo. Baadhi ya dawa za Ayurveda hutiwa madini makusudi. Mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za namna hiyo zilizouzwa madukani mjini Boston, Marekani. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi huharibu akili ya mtoto, hata aliye tumboni. Kwa hiyo mama mjamzito asinunue kwa kuambiwa tu ati ni majani.

Mpasuko mpya kwa kawaida hupona ndani ya wiki 6 hivi. Ukipita hapo, au ukiona damu nyingi, choo cheusi, usaha, homa au kukonda, nenda hospitali. Huenda ni kifua kikuu, virusi vya ukimwi au hata saratani. Kwa mpasuko sugu wana mafuta ya kulegeza msuli na upasuaji mdogo. Anayeona haya aje kwangu baada ya Misa, nitamsindikiza.