KUTELEKA PASIPO JIKO

Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi, Babati



Tulipoombwa kutoa hotuba hii tulikusudia kusema habari za utunzaji wa majalada, maana hiyo ndiyo kazi tuijuayo. Lakini tangu mkutano uliopita liko neno moja katika vinywa vya wengi, nalo ni shauri la kukibomoa kile kibanda kilicho nyuma ya ofisi, ambamo hupikwa chai ya asubuhi na makande ya adhuhuri. Barua ya kuomba kibomolewe imekwisha kuandikwa, nayo imetiwa sahihi na watu kumi na mmoja. Sahihi ya nne ni yetu sisi. Basi mtuwie radhi, majalada yangoje. Leo twataka kusema habari za watu waliopika mahali pasipo jiko, kisha tutawaeleza kwa nini twaomba sahihi ile ifutwe.

Mji wetu umekaa njiani. Barabara itokayo Arusha yapita hapa, kati ya mlima Kwaraa na ziwa letu lenye viboko, ikaendelea Kondoa na Dodoma, na nyingine yachepuka kwenda Katesh na Singida. Kabla ya motokaa walipita wapagazi. Nao, kama wajuavyo waliosoma habari za safari za zamani, hawakupikiwa na mwenye safari. Waligawiwa posho tu, na kila kikundi cha watu wachache kilikuwa na chungu chake. Huyu ateka maji, huyu atafuta kuni, huyu ateleka. Mizigo ilikuwa ya tajiri, bali chungu kilikuwa chao.

Mwezi wa Aprili, mwaka 1916, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali van Deventer lilishuka kutoka Lolkisale, likapita Ufiome, yaani nchi yetu hii, likaiteka Kondoa Irangi. Mara masika ikafunga njia nyuma yake. Magari yakazama katika matope, farasi wakafa kwa wingi, na askari wakabaki Kondoa kwa posho iliyopungua na kwa chakula walichokipata katika nchi. Vitabu husema hivyo, "chakula cha nchi," kana kwamba nchi yenyewe hupika. Nchi haipiki. Mahindi na mtama ule ulikuwa wa watu wenye ghala zao na watoto wao. Hali kadhalika wachukuzi walioletwa kubeba vyakula vichwani katika mvua ile, wengi wao hatuwajui hata kwa jina. Wazee wetu waliokwenda Burma na King's African Rifles waliona kinyume chake: mwaka 1944, katika bonde la Kabaw, mvua ilipoharibu njia, waliangushiwa vyakula kwa ndege. Lakini tusikae sana na vita.

Tuje kwetu wenyewe. Mwezi wa Machi, mwaka 2012, mwanachama mwenzetu mmoja alifiwa na mkewe huko Kondoa. Wanachama walichanga, nasi tukatumwa kupeleka rambirambi: gunia moja la mchele wa Magugu, dumu la mafuta, na bahasha. Tulikuwa wageni kazini, hata miaka miwili haijatimia. Katika shule ya misheni tuliyosoma tulifundishwa ya kuwa mali ya watu wengi ni kaa la moto, mtu hulichukua kwa koleo. Tukaandikiwa hati: mchele kilo 50, mafuta lita 10, fedha kadha wa kadha. Tukaitia hati mfukoni, tukapanda basi la adhuhuri.

Lami yote mliyoizoea sasa haikuwapo. Barabara ya Dodoma hata Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Siku zile, ukiisha kupita Bereko wakati wa masika, ulikuwa mikononi mwa Mungu na mwa utingo. Kabla hatujafika Kolo tulilikuta lori la mbaazi limezama hata ekseli. Basi letu likajaribu kupita kando, nalo likazama ubavuni mwake. Dereva akazima injini. Mvua ikazidi, jua likatua, na watoto, waliokuwa wamenyamaza wakitazama watu wazima wakisukuma, wakakumbuka njaa zao.

Yule utingo wa lori alikuwa kijana mwembamba, miguu mitupu, matope hata magotini. Alifungua sanduku lililo chini ya bodi, akatoa sufuria nyeusi kubwa. Mafiga akayapata papo hapo: mawe matatu ya kuzuilia magurudumu, ambayo kwa kuwa lori limezama hayakuwa na kazi tena. Turubai likafungwa toka lori hata basi, likawa paa. Kuni za porini zilikuwa zimelowa, akachana ubao mmoja wa bodi kwa panga. Maji tuliyapata katika dumu la kondakta. Mama mmoja alikuwa na debe la mahindi yaliyokobolewa, akasema, "Haya, tieni." Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akirudi bwenini akafungua sanduku lake la bati akatoa chumvi. Ikabaki mbaazi.

Mbaazi hazikuwa za utingo wala za dereva wake. Zilikuwa za tajiri, zimepimwa na kushonwa magunia. Simu zilijaribiwa, mtandao hakuna. Hapo tukadhani mambo yamekwisha. Lakini yule kijana akauliza kwa sauti, "Kuna mtu hapa ajuaye kuandika vizuri?" Watu wote wakatutazama sisi, kwa sababu ya shati letu jeupe na kalamu iliyo mfukoni.

Basi tukaandika, kwa mwanga wa tochi, juu ya karatasi ya daftari la mwanafunzi: ya kwamba zimetolewa mbaazi pishi tatu katika gunia moja, kwa ajili ya abiria waliokwama, mahali fulani, tarehe fulani, ya kwamba dereva na utingo watakatwa bei yake ikiwa tajiri atakataa, na mashahidi wawili. Kijana akaikunja karatasi, akaitia katika mfuko wa nailoni pamoja na leseni ya dereva. Kisha akafumua gunia, akapima kwa kopo, mbele ya macho ya watu wote, akalishona tena.

Nasi tulipokwisha kuandika tulirudi mahali petu, tukakaa juu ya gunia letu la mchele.

Alikuwapo mzee mmoja wa Kirangi, amejifunika blanketi. Alitutazama kwa kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, umekalia nini?"

"Mchele, baba."

"Wa nani?"

"Si wetu, baba. Ni wa chama. Wapelekwa msibani."

Akafikiri. "Huko msibani watu watakula?"

"Watakula, baba."

"Na hapa ni wapi?"

Hatukuwa na jibu. Naye hakuuliza tena; akageukia moto.

Ninyi mnaopika mwajua ya kuwa mbaazi kavu hazina haraka. Zilichemka toka saa mbili hata karibu na saa sita za usiku, na muda ule wote harufu ilipita chini ya turubai, na watoto wakalala wakaamshwa. Sahani zilikuwa tatu kwa watu arobaini na kitu. Wengine walikula katika vifuniko, wengine katika majani, na mmoja katika kofia ngumu ya fundi. Mama yule wa mahindi alipoanza kupakua, sahani ya kwanza baada ya watoto alituletea sisi. Tukasema wazee watangulie. Akasema, "Kula, karani. Wewe ndiwe uliyetuandikia." Tulikula. Yalikuwa makande mazuri, nayo yalipita kooni kwa shida.

Kesho yake mchana trekta lilikuja kutuvuta. Tulifika Kondoa maziko yamekwisha. Gunia likapimwa, likatimia kilo 50, hati ikatiwa sahihi bila kasoro. Mwenzetu aliyefiwa akauliza tulilala wapi, tukamweleza yote. Akauliza, "Wale watoto walikula?" Tukasema walikula. "Mchele huu?" Tukasema hapana. Akalitazama gunia, akasema tu, "Karibuni ndani."

Bwana Mwenyekiti, hatusemi ya kuwa tulifanya vibaya kuilinda amana. Karani afunguaye mali ya watu kwa huruma leo, kesho ataifungua kwa sababu nyingine na kuiita huruma. Tumeyaona hayo, nanyi mmeyaona. Tusemalo ni kwamba tuliamini ziko njia mbili tu, kuwa mwizi au kuwa jiwe, na kijana asiyevaa viatu akatuonyesha ya tatu: kipimo, karatasi na mashahidi. Tena mkono uliomwandikia karatasi yake ulikuwa wetu. Hilo ndilo lituumalo hata leo.

Miaka ikapita. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, matope na mawe na magogo yaliporomoka toka Mlima Hanang yakaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na waliopona wakahifadhiwa mashuleni. Baadhi yetu tuliokwenda na michango twakumbuka shule moja, ambako masufuria yalisimama uani mahali ambapo wanafunzi hupanga mstari. Aliyekuwa akikoroga uji alikuwa mwanamke aliyepotelewa na nyumba siku mbili tu nyuma. Tulimwambia, "Dada, pumzika, wapo wengine." Akasema mwiko ukikaa mkononi hapati nafasi ya kufikiri. Hatukumwondoa.

Sasa kibanda. Wanaotaka kibomolewe wana sababu, na sababu ya kwanza ni ya kweli: moshi waingia chumba cha kumbukumbu, na cheche moja ingeweza kuteketeza hati za viwanja vya watu. Ya pili, panya. Hao walikuwapo kabla ya kibanda, na twawajua kwa majina. Ya tatu ndiyo isiyoandikwa katika barua, bali husemwa varandani: ya kuwa siku hizi wasio watumishi nao hula. Ni kweli, hula. Mtu atokaye Mbugwe au Bashnet kwa ajili ya karatasi moja huondoka kwake kabla ya jua, hufika akaambiwa mwenye muhuri ametoka, akaketi katika benchi hata alasiri. Kibanda kiko hatua kumi toka benchi hilo. Sisi tulitia sahihi siku ile tulipokuta sahani yetu imepewa mtoto wa mama mmoja aliyekuwa akingoja cheti. Tulikuwa na njaa, tukakasirika, tukashika kalamu. Hatukukumbuka sahani ya Bereko hata usiku, tulipokuwa tumelala.

Tena liko la aibu kuliko yote. Mhudumu wetu, mama apikaye hayo makande, hula mwisho, amesimama, kilichobaki. Na mwezi uliopita, kama mtatazama daftari la michango, wanachama saba hawakutoa kitu nao walikula kila siku. Mgeni atulaye sahani moja kwa mwaka tumemwandikia barua. Hao saba hatujawaandikia.

Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano maombi haya. Kwanza, sahihi yetu ifutwe. Pili, kibanda kihamishwe kando ya ukuta wa mashariki, mbali na chumba cha kumbukumbu, na majivu yafukiwe kila jioni. Fundi mmoja ametuambia mabati ya sasa yatatosha, zitahitajika nguzo nne tu. Tatu, kila mwanachama atoe mahindi pishi moja na maharage au mbaazi kisaga kimoja kwa mwezi, na mhudumu alipwe kwa kazi ya kupika, tena aketi. Nne, katika kila chungu kitengwe kipimo cha wangojao benchini, kiandikwe katika daftari kama vitu vingine vinavyoandikwa, ili asiwepo wa kusema kimeibwa.

Na la tano ni juu ya rambirambi. Itiwe katika kanuni zetu ya kwamba mwanachama aliyetumwa na chakula cha chama, akikutwa na dhiki njiani pamoja na watu wenye njaa, ana ruhusa ya kutoa hata pishi tano, kwa maandishi, mbele ya mashahidi wawili, na chama kitafidia. Tumekwisha kuiandika hati ya mfano, nafasi za tarehe na mahali zimeachwa wazi. Nakala ziko kwa Bwana Katibu, naye atazigawa sasa.