Kupogoa Mipasheni: Wakati Wake na Namna Yake

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Mpasheni, ambao mahali pengine huitwa mkarakara, ni mmea utambaao kwa nguvu nyingi. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Aina ya zambarau imezoea nyanda za juu, kama zile za Iringa, Njombe na Mbeya. Aina ya manjano hupendelea nchi za chini zenye joto. Ukiachwa ujiendee upendavyo, hugeuka kichaka: juu majani mabichi, ndani matawi makavu, na matunda machache. Mkulima husifu ustawi wa majani, kumbe mizani ya chama haipimi majani.

Sababu ya kupogoa

Mpasheni hutoa maua kwenye matawi machanga, katika kwapa la jani jipya. Sehemu ya tawi iliyokwisha kuzaa haizai tena pale pale. Hubaki ikiyazibia mwanga matawi mengine. Kwa hiyo mwenye kukata tawi la zamani kwa wakati wake hapotezi tunda, bali huliita tawi litakaloleta tunda. Tena hewa isipopita, majani hukaa na unyevu, na ugonjwa wa madoa ya kahawia uletwao na ukungu hupata makao. Dawa nayo ikinyunyizwa haifiki ndani. Wako wanachama waonao uchungu kukata mmea walioulea wenyewe. Hao wakumbuke kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye.

Wakati wake

Wakati ufaao ni mara baada ya mavuno makuu kwisha, ardhi ikiwa na unyevu, kabla maua mapya hayajatoka. Tangu ua kufunguka hadi tunda kuiva hupita miezi miwili hadi miwili na nusu. Basi akataye wakati wa maua hutupa mavuno yake mwenyewe. Haifai kupogoa wakati wa kiangazi kikali, wala katika baridi ya Juni na Julai, kwa kuwa mmea hukawia kuchipua na waweza kufa. Katika nyanda za juu za kusini, ambako mvua huanza kama Novemba, ni heri kungoja baridi ipite na mvua zikaribie. Siku ya kazi iwe kavu, na umande uwe umekauka, ili majeraha ya mmea yakauke upesi.

Namna yake

Kazi huanza mmea ukiwa mchanga. Shina moja huongozwa hadi kwenye waya, kiasi cha meta 2 kutoka ardhini, na machipukizi yote ya chini huondolewa. Likifika kwenye waya, ncha yake hukatwa, na mikono miwili huelekezwa kwenye waya, mmoja kila upande. Matawi ya pembeni huachwa yaning'inie kama pazia. Vikono, yaani vile vinyuzi vinavyojikunja na kushikana, hukatwa ili kila tawi lining'inie peke yake. Tawi likikaribia kugusa ardhi, hukatwa sentimeta 15 hadi 20 juu yake.

Baada ya mavuno, kila tawi lililokwisha kuzaa hukatwa, yakibakizwa mafundo mawili hadi manne karibu na mkono. Shina kuu na mikono yenyewe haikatwi, na matawi machanga yenye afya huachwa. Vilivyokatwa visivutwe kwa nguvu siku ile. Viachwe vinyauke kwanza, ndipo viondolewe bila kuvunja vilivyo hai. Vyenye ugonjwa vichomwe moto. Kisha mmea utiwe samadi, mbali kidogo na shina.

Mkasi wa chama

Hapa ndipo penye jukumu la katibu. Vipo vyama vyenye mkasi mmoja unaozunguka shamba hadi shamba. Ushirika huo ni mwema, lakini mkasi huo huo waweza kubeba virusi vya ugonjwa unaokakamaza matunda. Majani huwa na mabaka, matunda huwa madogo, magumu, yenye ganda nene na maji kidogo. Virusi hivyo husafiri katika utomvu ulioshika kwenye makali, na vidukari pia huvieneza. Mmea ukishaambukizwa hauna dawa; dawa yake ni kung'olewa.

Kwa ajili hiyo, shamba likaguliwe kabla ya kukata, na mimea migonjwa ing'olewe kwanza. Kazi ianzie kwenye mimea mizima. Makali yatiwe katika maji ya dawa ya klorini ya kufulia, fungu moja la dawa kwa mafungu tisa ya maji, kila baada ya mmea mmoja, na jioni yaoshwe na kupakwa mafuta yasishike kutu. Katibu aandike katika daftari nani amechukua mkasi, siku gani, na kama shamba lake lilionekana na ugonjwa. Daftari hilo si la kumwaibisha mtu. Matunda ya wote huingia katika shehena moja, na magumu ya mmoja huweza kushusha bei ya wote.

Yafaa basi kila chama kiliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano kabla ya mavuno kwisha, ili siku ya kukata ikifika, mkasi uwe safi na kila mwanachama ajue tawi la kukata na la kuacha.