Vidato Vitatu Mlangoni



Mlango wa nyumba yako una vidato vingapi? Viwili? Vitatu? Wengi wetu tuliinua msingi ili maji ya mvua yasiingie ndani, tukapanga vidato vya matofali mabichi, tukavisiriba kwa udongo au saruji kidogo, basi. Pa kushika hapana.

Sababu naijua, maana nami nilijenga hivyohivyo. Tulijenga kama watu wa kupita. Mwaka huu nitaitwa kwenye usaili wa kuhamia nchi nyingine, mwakani niko Kanada, kishikio cha nini? Lakini kambi hii ya wakimbizi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994. Aliyeingia na miaka 35, akipanda vidato hivyo na ndoo kichwani, leo amevuka 60. Magoti si yale tena, na vidato ni vilevile.

Mwezi wa Februari jirani yangu, mama tunayemheshimu sana mtaani, alitoka alfajiri kwenda chooni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mguu ukateleza, mkono ukapapasa ukuta, hakupata kitu. Nyonga ikavunjika. Na nyonga ikivunjika huku kwetu, kuna kituo cha afya, kisha Dowa, kisha hospitali ya Kamuzu Central kule Lilongwe, na siku zote hizo binti amefunga genge lake sokoni ili amuuguze mama yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, wengi wao wazee, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu.

Sasa mafundi, nawaomba masikio. Tofali bichi halishiki skrubu, linamung'unyika. Ukifunga bomba ukutani, siku mzee atakapoliegemea kwa uzito wake wote litang'oka pamoja naye. Heri asingekuwa nalo, maana alikuwa ameliamini. Chimbeni mashimo ya nusu mita au zaidi, chini na juu ya ngazi, msimamishe nguzo na kumwaga zege, kisha mtu asiiegemee nguzo kwa wiki nzima. Ukitumia mti wa mkaratusi, kumbuka mchwa: upake oili chafu sehemu itakayozama ardhini.

Kimo cha kawaida ni kama sentimita 90 kutoka ukingo wa kidato, ila mwiteni mwenye kukitumia, avae viatu vyake, ajaribu mpaka kiwiko kikunjike kidogo tu. Unene uwe wa sentimita nne hivi, wa duara, vidole viuzunguke. Ubao mpana unapendeza macho, lakini anayeteleza hawezi kuukamata. Na kishikio kipite kidato cha mwisho kwa sentimita 30, kwa sababu wengi huanguka pale wanapodhani wameshafika chini.

Mkiweza, wekeni pande zote mbili. Mtu aliyepooza upande mmoja ana mkono mmoja tu wa kutegemea. Kishikio kilicho kulia kwake akipanda kinakuwa kushoto kwake akishuka, na kushuka ndiko kwenye hatari zaidi.

Jumamosi iliyopita vijana wanne wa mtaa wetu walichimba mashimo kwa yule mama. Bomba tulilinunua Mponela, fundi akalichomelea, tukalisimamisha asubuhi. Mama akatoka kwa magongo yake, akakishika kishikio kwa mkono mmoja, akanyamaza kidogo. Akasema, "Wanangu, kiko juu." Zege lilikuwa bado bichi. Tukakishusha vidole viwili, akashika tena.