Dawa Mwilini na Msulini: Mazungumzo na Watumiaji wa Dawa wa Rujewa



Sisi tulio katika kazi ya udhibiti wa dawa tumezoea kuwaeleza wananchi namna ya kutambua dawa bandia na kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi. Hayo ni muhimu, nanyi mnayajua. Leo tumekuja na jambo lililo nyuma yake. Dawa nzuri, halali, iliyosajiliwa, ikishamezwa au kuchomwa, inakwenda wapi? Inakaa kwa muda gani? Na inaufanya nini msuli wa mtu anayeishi kwa nguvu za mikono na mgongo wake? Tumelichagua kwa sababu ombi linalosikika mno kwenye madirisha ya maduka ya dawa msimu wa kupandikiza mpunga ni hili: “Nipe dawa kali ya maumivu, na kama ipo sindano, bora zaidi.” Katika ombi hilo kuna makosa mawili yanayoweza kumgharimu mtu figo yake, au kumgharimu mtoto mguu wake.

Safari ya dawa

Ipo elimu inayopima safari ya dawa mwilini. Wataalamu huiita farmakokinetiki. Misingi yake iliwekwa na mwanasayansi wa Sweden, Torsten Teorell, aliyeandika mwaka 1937 namna ya kukokotoa jinsi kitu kinavyoingia mwilini, kinavyoenea na kinavyotoka.

Ninyi mnaoishi kwa maji ya Ruaha Mkuu na mito yake mtaielewa upesi kuliko wengi. Jaruba lina mlango wa kuingizia maji na mlango wa kutolea. Mpunga haujali umefungulia maji mengi kiasi gani asubuhi. Unajali kina cha maji kilichopo jarubani muda wote. Kikipungua, unanyauka; kikizidi, unazama. Dawa nayo huingia kupitia tumbo, ngozi au msuli, damu huisambaza, ini huibadilisha, figo huitoa. Kinachotibu ni kiwango kilichopo katika damu, na kiwango hicho hushuka saa kwa saa. Parasetamoli hupungua kwa nusu katika saa 2 hadi 3 hivi. Diklofenaki katika saa 1 hadi 2. Zipo dawa nyingine zinazochukua siku kadhaa kufikia nusu. Ndiyo maana dawa moja huandikwa mara tatu kwa siku na nyingine mara moja tu. Anayebadilisha ratiba kwa hiari yake ameuchezea mlango wa maji bila kutazama jaruba.

Mfano wa dawa mseto

Mwishoni mwa mwaka 2006 Tanzania iliachana na SP kama tiba ya kwanza ya malaria ya kawaida, ikaanza kutumia dawa mseto ya ALu. Mna dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Artemetha hushambulia vimelea kwa kasi, kisha hutoweka katika saa chache. Lumefantrini huenda taratibu, lakini hubaki mwilini kwa siku kadhaa ikiwamaliza vimelea waliosalia. Homa inaposhuka siku ya pili, kazi iliyofanyika ni ya artemetha. Kazi ya lumefantrini bado. Mgonjwa anayeacha vidonge siku hiyo ili amwekee mdogo wake ameondoa mlinzi wa usiku kabla ya usiku kuingia.

Kwa hiyo dozi ni 6 kwa siku 3: ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni katika siku mbili zinazofuata. Tena lumefantrini huyeyuka katika mafuta. Ikimezwa kwa chai ya rangi tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa hupita bila kufyonzwa. Kikombe cha maziwa, karanga, au chakula kilichoungwa kwa mafuta chatosha kuisaidia. Mtoto akitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, rudini kituoni apewe dozi nyingine. Msisubiri ya zamu inayofuata.

Msuli uliochoka si msuli mgonjwa

Mtu akiinama kutwa nzima akipandikiza, hasa baada ya miezi ya kazi nyepesi, nyuzi za msuli hupata michubuko midogo isiyoonekana kwa macho. Maumivu huanza kesho yake, hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, kisha hupungua yenyewe. Wengi husema ni asidi iliyobaki msulini. Sivyo: ile inayozalishwa na kazi ngumu huondoka katika damu muda mfupi tu baada ya mtu kupumzika. Maumivu ya kesho yake ni ya ukarabati. Msuli unajijenga upya ili uhimili kazi ileile.

Anayemeza diklofenaki au ibuprofeni kila asubuhi ili aweze kuingia shambani haharakishi ukarabati huo. Anaizima kengele tu. Dawa hizi zina tabia nyingine. Hupunguza kemikali mwilini ambazo, pamoja na kuleta maumivu, hulinda ukuta wa tumbo na kuifungulia figo njia ya damu pale mwili unapokauka. Sasa fikirini mtu aliyetoka jasho tangu alfajiri, juani, kwa kikombe kimoja cha maji, akiwa amemeza vidonge viwili tumbo likiwa tupu. Figo yake inapungukiwa damu kwa ukavu, na dawa imeifungia ile njia ya dharura. Akirudia hivyo wiki baada ya wiki, anaweza kuidhuru figo bila kuhisi maumivu yoyote, maana figo hailii hadi hali imekuwa mbaya.

Ushauri wetu ni huu: anzeni na maji, mapumziko, kukanda kwa maji ya uvuguvugu, na kazi inayoongezwa hatua kwa hatua. Ikibidi dawa, anzeni na parasetamoli. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe kwa wingi aulize kwanza. Mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo asiguse diklofenaki bila mtaalamu.

Sindano haina ukali wa ziada

Sindano ya msuli huiweka dawa katikati ya nyama yenye mishipa mingi ya damu. Baadhi ya dawa hufyonzwa upesi kutoka hapo. Nyingine huganda na kufyonzwa polepole kuliko kidonge. Kwa maumivu ya kawaida, mtu anayeweza kumeza hapati faida ya maana kwa kuchomwa. Hatari, hata hivyo, anazipata zote: jipu, maambukizi ya sindano chafu, na kuumia kwa mshipa mkubwa wa fahamu unaopita takoni kwenda mguuni.

Jirani zetu wa Uganda wametufundisha kwa uchungu. Mwaka 2018 kundi la watafiti, akiwamo Daktari Olive Kobusingye wa Chuo Kikuu cha Makerere, lilichapisha uchunguzi wake wa watoto wa Wilaya ya Kumi. Walikutana na watoto waliopooza mguu baada ya kuchomwa sindano, na wengine ambao msuli wa tako ulikuwa umegeuka kovu gumu, hata hawawezi kuchuchumaa kama wenzao. Sindano za kwinini kwa homa ni miongoni mwa zinazohusishwa na madhara hayo.

Hatusemi sindano ni adui. Mtoto mwenye malaria kali, aliyepoteza fahamu au asiyeweza kumeza, huokolewa na sindano. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo: waliopewa atesuneti walifariki asilimia 8.5, waliopewa kwinini asilimia 10.9. Lakini sindano ya namna hiyo hutolewa kituo cha afya, na mtu aliyefunzwa, kwa sababu iliyopimwa. Duka la dawa si mahali pa kuchomwa.

Vidonge vya kunenepesha

Wapo wanaouza deksamethasoni au prednisoloni kama dawa ya kuongeza mwili au ya kumaliza maumivu yote. Ni dawa za thamani mikononi mwa daktari. Nje ya hapo ni hila. Uso hujaa na tumbo hutanuka kwa mafuta na maji, huku msuli wa paja na mkono ukiliwa kutoka ndani, kwa kuwa dawa hizi huuvunja msuli. Mtumiaji hujiona amenawiri, ilhali hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kujishika. Sukari na shinikizo la damu hupanda. Na aliyezitumia kwa wiki nyingi asiziache ghafla. Mwili wake umesahau kutengeneza za kwake. Aende kwa daktari azipunguze taratibu.

Mwili wako si mwili wa jirani

Mtafiti Mtanzania, Eliford Ngaimisi wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, pamoja na wenzake, walipima kiwango cha efavirenzi, dawa ya VVU iliyotumika sana wakati huo, katika damu ya wagonjwa wa Tanzania na Ethiopia. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba kwa dozi ileile Watanzania walikuwa na kiwango cha juu zaidi. Sehemu ya sababu ni urithi: ini la mtu mmoja huivunja dawa upesi, la mwingine polepole. Ikiwa ni hivyo kati ya watu wazima waliopewa dozi moja, mnaonaje kumpa mtoto nusu ya kidonge cha baba yake?

Neno kwa wafugaji na walaji

Ng'ombe naye ana msuli, ini na figo. Antibayotiki aliyochomwa hubaki katika nyama, hasa palipochomwa, na katika maziwa. Kila chupa imeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuchinja au kukamua kwa ajili ya watu. Siku hizo ni haki ya mlaji. Anayechinja kabla yake anawauzia majirani dawa wasiyoiomba, na anawafundisha vijidudu kuizoea.

Mambo ya kudai dirishani

Ndugu zetu, anayekuuzia dawa katika famasi au Duka la Dawa Muhimu anawajibika kukujibu. Muulizeni: Dawa hii inaitwaje? Ni ya nini? Ninywe kiasi gani, kila baada ya saa ngapi, kwa siku ngapi? Pamoja na chakula au bila chakula? Inagongana na dawa nyingine ninazotumia? Nikiona dalili gani nirudi? Asiyeweza kujibu, msinunue kwake.

Mkipata madhara msiyoyatarajia, yatoeni taarifa kituo cha afya ili yaandikwe katika fomu ya njano na kufikishwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Taarifa moja kutoka Rujewa, ikiungana na nyingine kutoka Iringa au Tanga, ndiyo inayowezesha dawa yenye kasoro kuondolewa sokoni.