BARAFU NAYO HUCHOMA



Leo twataka kusema nanyi juu ya barafu. Mfanyi kazi akiteguka mguu au akiumia goti, mara nyingi huwekewe barafu, nyumbani au kwa tabibu wa viungo. Dawa hii hupunguza maumivu, nasi hatuikatai. Lakini yafaa tujue kwamba barafu nayo huchoma ngozi kama moto.

Sababu yake ni hii. Barafu inayoyeyuka ina baridi ya digrii 0. Mfuko uliotoka sasa hivi katika friza waweza kuwa chini ya hapo kwa digrii 18. Ukigusa ngozi tupu, mishipa ya damu hujikaza, damu hupungua, na maji yaliyomo katika ngozi yaweza kuganda. Kwanza mtu husikia baridi, kisha kuchomwa, kisha kuuma, mwisho ganzi. Hapo ndipo penye hatari, maana aliyekufa ganzi hajui tena kama anaungua.

Kwa hiyo barafu na ifungwe katika kitambaa kibichi. Isizidi dakika 20, na kila dakika 5 ngozi itazamwe. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu upesi. Basi tazameni kama imepauka, na mguse kama imekuwa ngumu. Tena asilale mtu na barafu mwilini.

Wako watu ambao miili yao haipatani na baridi kabisa. Barafu ikiondolewa, ngozi huvimba mabaka na kuwasha. Mtu kama huyo akivimba midomo au ulimi, au akizimia, apelekwe hospitali mara moja. Mwenye kisukari ambaye miguu yake haisikii vizuri, naye asiwekewe barafu hapo.

Jambo jingine latuhusu sisi wa kazi za mikono. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, jimbo la Indiana, Marekani, waliotumia nyundo za upepo. Aliona vidole vyao vikigeuka vyeupe na kufa ganzi wakati wa baridi. Ugonjwa huo ungali unawapata watu wa mashine zitetemekazo, katika machimbo na penye misumeno ya injini. Mwenye vidole hivyo asiwekewe barafu mikononi.

Lakini tabibu atajuaje kama hatukusema? Wengi wetu tumezoea kuvumilia kazini, na mazoea hayo twaingia nayo hospitali. Twauma meno, twanyamaza, twaona haya kumsumbua mwenye kazi yake. Ndugu zetu, huo si ushujaa. Mficha maradhi kifo humwumbua. Kabla ya kuwekewa barafu, mwambieni tabibu kazi mnayofanya, na kama baridi iliwahi kuwadhuru. Ikianza kuchoma, semeni: iondoe. Tabibu mwema hatakasirika.

Na kama umekwisha kuungua, usisugue, wala usiote moto. Pasha mahali hapo moto polepole kwa maji ya uvuguvugu. Yakitoka malengelenge, au ganzi isipoondoka, nenda ukamwone daktari.

Katika chama tumejifunza kusema pale panapotuuma. Basi na tuseme vivyo hivyo mbele ya tabibu. Umoja ni nguvu, lakini hata nguvu yahitaji mwili mzima.