Tunachosoma na Tunachoamini

Dominika ya 3 ya Mwaka C
Masomo: Neh 8:2-4a, 5-6, 8-10, 1 Kor 12:12-30, Lk 1:1-4, 4:14-21



Katika Injili ya leo Mwinjili Luka anataja jambo dogo ambalo kwa kawaida tunalipita bila kulitazama. Anasema kwamba Yesu alipofika Nazareti, mahali alipolelewa, aliingia katika sinagogi siku ya Sabato, kwa maana hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yake. Akasimama ili asome. Akapewa gombo la nabii Isaya, akalikunjua, akapaona mahali alipopataka. Ndugu zangu, gombo la Isaya ni refu, na siku zile halikuwa na namba za sura wala za aya. Hizo ziliwekwa karne nyingi baadaye. Mtu hapaoni mahali katika gombo la namna hiyo asipokuwa amelizoea. Vidole vya seremala yule vilikuwa vimelipitia mara nyingi.

Na Luka mwenyewe, kabla hajaanza kusimulia, anamwarifu Theofilo kwamba wengi wamekwisha kuziandika habari hizi, naye amezichunguza zote kwa uangalifu tangu mwanzo. Ndiyo kusema, Injili tuliyo nayo mkononi iliandikwa na msomaji.

Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliagiza mwaka 2019 kwamba Dominika hii ya 3 iwe Dominika ya Neno la Mungu. Kwa hiyo leo napenda tuzungumze juu ya kusoma. Sisemi juu ya kuzijua herufi, maana wengi wetu tunazijua. Nasema juu ya desturi: tunasoma nini, tunasoma namna gani, pamoja na nani, na kusoma huko kunatufanya tuamini nini.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa paroko msaidizi katika parokia moja ya vijijini, alinijia mama mmoja na karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa penye mikunjo kwa kufunguliwa mara kwa mara. Mwanawe, mtoto wa miaka saba hivi, alikuwa na kifafa. Kwa muda wa mwaka na zaidi alikuwa akimeza vidonge vya fenobabitoni kutoka zahanati, na kuanguka kwake kulikuwa kumepungua sana. Karatasi ile aligawiwa sokoni na watu asiowafahamu. Ilisema kwamba kifafa ni pepo, na kwamba mzazi anayempa mtoto vidonge anamlisha pepo huyo. Chini yake palikuwa pameandikwa: Mathayo 17:15.

Mama yule hakuwa mjinga. Alirudi nyumbani, akafungua Biblia yake, akaitafuta aya hiyo, akaipata. Na humo, kwa Kiswahili safi, akalikuta neno lenyewe: kifafa. Akasoma mistari michache zaidi, akamwona Yesu akimkemea pepo. Akavichukua vidonge vya mtoto, akavitupa darini. Dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla, kuanguka hurudi, na mara nyingi hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Siku ya tisa mtoto alianguka penye mafiga, akaungua mkono na shavu. Alikuwa ameungua hasa kama yule mtoto wa Injili, ambaye baba yake alisema huanguka motoni mara nyingi.

Aliponieleza hayo hakulia. Aliniuliza tu: “Baba, mimi nimekosa. Lakini mbona imeandikwa?”

Hapa yanipasa niungame. Injili hiyo husomwa katika Misa ya siku ya kawaida, Jumamosi ya juma la 18 la mwaka. Niliisoma mimi mwenyewe kigangoni kwao, mama huyo akiwapo. Nikahubiri juu ya imani iliyo ndogo kama punje ya haradali, mahubiri ambayo nilikuwa nayo tayari tangu seminarini, nikaacha neno kifafa lipite hivihivi. Nilijua kwamba watu wa kale waliviona vitu viwili pale tunapotofautisha sisi, ugonjwa na nguvu za uovu, wakavisema kwa pumzi moja. Nilijua kwamba Mathayo katika sura ya 4 anawataja wenye pepo na wenye kifafa kila kundi kwa jina lake. Nilijua, wala sikusema. Yeyote aliyeandika karatasi ile alikuta nafasi niliyoiacha wazi.

Nilimwomba anionyeshe Biblia yake. Ilikuwa na vitabu 66. Nikampa yangu, yenye vitabu 73, nikamfungulia Yoshua bin Sira sura ya 38, nikamsihi asome kwa sauti. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Humo yule mwenye hekima anaagiza kwamba tabibu aheshimiwe kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba, na kwamba dawa zimetoka katika ardhi kwa mkono wa Mungu huyo huyo, wala mwenye akili hazidharau. Tena anamwagiza mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake. Alipomaliza, mama alibaki kimya kidogo. Halafu akauliza: “Baba, kitabu hiki kilikuwa wapi?”

Ningeweza kumweleza habari ya Chama cha Biblia cha Uingereza, ambacho mwaka 1826 kiliazimia kutotumia fedha zake kuchapa vitabu hivyo, na jinsi Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, iliyoenea kote katika nchi zetu, ilivyotolewa bila vitabu hivyo. Yote ni kweli. Lakini swali lake halikuwa la historia. Alikuwa anauliza kwa nini katika miaka yote ya Ukristo wake hakuna mtu aliyemfungulia ukurasa ule. Ndugu zetu Waprotestanti hawakumnyima kitu. Walimwuzia Biblia ya bei aliyoiweza, sisi tukiwa hatujampa yoyote.

Mtoto alirudishiwa dawa. Leo ni mtu mzima, ni fundi mwashi, na kovu lake liko shavuni.

Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi. Kosa halikuwa kwamba mama yule hakusoma. Alisoma kuliko majirani zake wengi. Ila alisoma karatasi moja mara nyingi, akasoma aya moja peke yake, tena akasoma akiwa peke yake. Na zaidi ya hayo, alikuwa na imani kubwa kwa kila kilichochapwa.

Imani hiyo haikutoka hewani. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1970, uliotangazwa nchini Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walikaa chini ya miembe na katika makanisa yetu wakijifunza herufi kwa vitabu vilivyozungumza juu ya pamba, ndizi, mahindi na uvuvi. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima, nami sitaki mtu aidharau. Lakini kitabu kile kilikuwa na sauti ya bwana shamba: panda hivi, palilia hivi. Katekisimu yetu nayo ilikuwa na swali na jibu, na jibu lilikuwa moja. Hivyo wengi tulijifunza kwamba kusoma ni kupokea agizo. Hatukufundishwa kuiuliza karatasi imetoka kwa nani, inataka nini kwangu, na imeacha nini.

Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo tulijua pia njia nyingine. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi kwa majuma 12. Walisikiliza redio pamoja, mmoja akawasomea kitabu, kiongozi wa kikundi akauliza maswali, wakajadiliana: je, hapa kijijini kwetu maji tunayateka wapi, choo kiko wapi, malaria inatoka wapi? Kisha wakainuka wakaenda kuchimba vyoo. Msomaji wa kikundi aliposema jambo ambalo halikueleweka, alikuwapo mtu wa kuuliza. Nadhani mama yule angalikuwa katika kikundi cha namna hiyo, mtu mmoja walau angalimwambia: “Ngoja kwanza, dada, mbona mtoto alikuwa amepata nafuu?”

Sasa angalieni somo la kwanza. Ezra anasimama juu ya jukwaa la miti katika uwanja ulio mbele ya Lango la Maji. Anasoma Sheria tangu alfajiri hadi adhuhuri, mbele ya wanaume na wanawake na wote waliokuwa na umri wa kuelewa. Lakini hasomi akaishia hapo. Walawi wanafafanua, wanaeleza maana, hata watu wakaelewa yaliyosomwa. Wanapoelewa, wanalia, na Nehemia anawaambia waende wakale na kunywa, tena wampelekee sehemu yule ambaye hakuandaliwa kitu. Kusoma kule kulimalizikia katika chungu cha jirani maskini. Si Walawi wengi leo wanaofanya kazi hiyo, wapendwa makatekista, ila ni ninyi. Padri hufika kigangoni mara moja kwa mwezi, pengine mara moja kwa miezi miwili. Katikati hapo, atakayeulizwa “mbona imeandikwa?” ni wewe.

Kuna desturi nyingine iliyo ya siri zaidi, nayo ni ya kusoma yale tu yanayotupendeza. Watu wa Nazareti walimfurahia Yesu aliposoma habari njema kwa maskini. Naye, ukilinganisha na Isaya sura ya 61, utaona kwamba alifunga gombo kabla hajafikia maneno yanayofuata, ya siku ya kisasi. Huenda wengine walikuwa wakiyangojea maneno hayo kwa hamu, maana kisasi cha Mungu tunapenda kukisoma tukidhani kinamhusu jirani. Mimi nimewahi kukutana na Wakristo wanaokijua Kitabu cha Ufunuo hadi pembe za mnyama, lakini ukiwauliza juu ya mhubiri wa mlimani wanatafuta ukurasa. Na siku hizi simu zetu zinatusaidia kufanya hivyo kwa wepesi. Unafungua ujumbe mmoja wa kutisha, kesho unaletewa mitatu inayofanana nao, na kila mmoja unakuamuru uutume kwa watu kumi kabla jua halijatua. Baada ya mwezi mtu anasema dunia nzima inazungumza jambo hilo. Siyo dunia, ni simu yake.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alilijua jambo hili katika mwili wake. Mwaka 1521, akiwa askari huko Pamplona, mguu wake ulivunjwa na risasi ya mzinga. Akiwa amelala nyumbani kwao aliomba aletewe hadithi za mashujaa wa vita na mapenzi, maana ndizo alizozoea, na ndizo zilizokuwa zimemfundisha maana ya kuwa mwanamume. Hazikupatikana. Nyumba ile ilikuwa na kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha maisha ya watakatifu, basi akasoma hivyo kwa kukosa vingine. (Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama mtu angalikwenda kuazima hadithi zile kwa jirani.) Hakubadilika kwa siku moja. Aliendelea kuota vita na mabibi wakubwa, na ndoto hizo zilimfurahisha. Ila aligundua kitu: zilipokwisha, moyo ulibaki mkavu na wenye uchungu, naye alipowaza kufanya kama watakatifu, furaha ilibaki hata baada ya kukifunga kitabu. Kutokana na jambo hilo dogo aliloligundua kitandani, alijifunza namna ya kuzipambanua roho, akawafundisha wengine.

Njia yake hiyo haihitaji shahada. Mtu aliyemaliza kusoma karatasi, gazeti au ujumbe wa simu anaweza kujitazama: sasa nimebaki na hofu na chuki juu ya mtu fulani, au nimebaki na amani na kazi ya kufanya? Mama yule aliniambia baadaye kwamba tangu siku aliyoipata karatasi ile hakupata usingizi. Hakujua kwamba kukosa usingizi huko nako kulikuwa kunasema kitu.

Wapendwa, jumuiya zetu ndogo ndogo hukutana kila juma kusoma Injili. Nimehudhuria nyingi. Mara nyingi husomwa haraka na kijana anayesoma vizuri, akimaliza tunasema “sifa kwako, ee Kristo”, kisha tunaingia katika michango ya harusi na mazishi, ambayo huchukua saa nzima. Michango ni ya lazima, sikatai. Lakini igeuzeni ratiba hiyo walau kwa mwezi huu. Someni mara mbili, mara ya pili asome mtu mzima asiyesoma vizuri, maana asomaye polepole huwapa wengine nafasi ya kusikia. Halafu mtu yeyote aruhusiwe kuuliza, hata swali linaloonekana la kitoto, na asicheke mtu. Nanyi makatekista, msipokuwa na jibu semeni hamna, mkaniulize mimi au paroko wenu. Ni heri kuliko kubuni.

Dominika ijayo Injili itaendelea palepale tulipokomea leo. Watu waliomshangilia Yesu watataka kumtupa chini kutoka ukingo wa kilima, kwa sababu aliwakumbusha mambo mawili yaliyokuwa yameandikwa katika vitabu vyao wenyewe. Msingoje mimi niwasimulie. Someni nyumbani Luka 4:21-30, kisha tafuteni habari ya mjane wa Sarepta katika 1 Wafalme sura ya 17, na ya Naamani Mwaramu katika 2 Wafalme sura ya 5. Bibi ambaye macho yake yamechoka asomewe na mjukuu. Zote pamoja hazizidi muda wa kuivisha maharage.